Mhunzi Aliyewafukuza Watani Msibani

Paukwa!

Pakawa!

Kwa sauti hiyo? Nimekuja kuwasimulia au kuwazika? Paukwa!

Pakawa!

Hadithi inabisha hodi!

Karibu, ipite!

Ina vumbi miguuni!

Ipite hivyo hivyo!

Imebeba nyundo!

Iiweke chini, ikae nasi!

Haikai. Hiyo ndiyo taabu yake, hadithi ya leo haikai. Nimeileta hapa kwa kuiburuta, na mkinipotezea muda itaondoka. Wasimuliaji wengine wa mtaa huu, simtaji mtu, namtazama tu, wangewaanzia na sungura na fisi. Mimi sungura nimewaachia wenye meno ya maziwa. Nawaletea mwanaume mzima, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Sikilizeni.

Hapo kale, babu zenu hawajaota ndevu na bibi zenu hawajajua kuzivuta, palikuwa na mhunzi. Jina lake Kobelo. Akipiga nyundo kwake, mbuzi wa kijiji cha pili wanaacha kula. Jembe la Kobelo unarithi. Unalima nalo, analima mwanao, analima mjukuu, nalo linawacheka mnavyozeeka.

Na majivuno je? Usiulize. "Mimi," Kobelo alikuwa akisema, akipigapiga kifua, "mimi chuma kinaniogopa. Maumivu nayasikia kwa majirani."

Sasa banda lake la kufulia chuma lilikuwa na watu wawili. Yeye na nyundo yake, na mama yake mzazi, Bi Mwanamvua, kwenye mivuo. Mivuo mnaijua? Ile mifuko ya ngozi, unaikandamiza inapuliza moto, fuu, fuu, fuu. Bi Mwanamvua alikuwa kibibi kidogo, mguu mmoja mfupi, akitembea anachechemea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Alipuliza moto wa marehemu mumewe, akapuliza moto wa mwanawe. Hata magoti yalipomkatalia, mivuo akamwachia mkwewe Tausi, mke wa Kobelo, yeye akabaki na kishamba chake cha njugu mawe.

Kwenye kile kishamba alikuwa na kajembe ka kupalilia. Kakapasuka shingoni. Akakachukua, huyo, chechemea chechemea, mpaka bandani.

"Kobelo mwanangu, nitengenezee kajembe kangu."

Kobelo anafua mikuki ya mtemi. Jasho linamtoka. "Kesho, mama."

Bi Mwanamvua akakaacha pale, akaketi kidogo kwenye gogo, akatazama moto, akaenda zake.

Akaja tena. "Mwanangu, kajembe kangu ka tayari?"

Kobelo kazungukwa na wageni wanaomsifu. Na mtu akisifiwa masikio hujaa. "Kesho, mama."

Akaketi kidogo kwenye gogo, akatazama moto, akaenda zake.

Akaja mara ya tatu. "Kobelo mwanangu, kajembe kangu?"

Safari hii Kobelo hata uso hakuinua. "Mama, si nimesema kesho!"

Kibibi akaketi kidogo, akatazama moto, akaenda zake. Jioni ile homa ikampanda. Homa nyingine huja na mkoba wa kukaa. Hii ilikuja mikono mitupu, ikamchukua, ikaondoka.

Poleni. Lakini msilie sasa, kilio kina zamu yake katika hadithi hii, mkilia mapema mtakosa machozi mbele.

Kobelo alipoletewa habari, kitu cha kwanza alichofanya ni nini? Alikwenda bandani, akakatoa kale kajembe palipokuwa, akakachimbia chini ya lundo la makaa. Akajifuta mikono, akatoka, akawaambia watu: "Msiba umefika. Tukachimbe."

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana naona kuna wageni. Ukoo wa Kobelo, wahunzi, walikuwa watani na ukoo wa wafinyanzi. Utani wa tangu na tangu, kwa sababu wote wanakula kwa moto, na kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyemwibia. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Mtani anamkamata kuku wako mchana kweupe, nawe unasema asante. Na msibani? Msibani mtani ndiye bwana. Wenye msiba wanalia, watani wanafanya fujo. Wanaficha majembe ya kuchimbia. Wanalala kaburini. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanasema kama yeye, mpaka mfiwa acheke. Akishacheka, kifua kinafunguka, analia kilio cha kweli. Ndiyo kazi yao. Wanalipwa kuku, wanaondoka.

Kiongozi wa watani alikuwa mwanamke, Mashavu. Mfinyanzi. Vyungu vyake vizuri, mdomo wake mbaya. Mungu alimpa ulimi wa watu sita, wale watano mpaka leo wanautafuta.

Mashavu akafika mazikoni, moja kwa moja akatumbukia kaburini, akajinyoosha. "Ah! Pana baridi nzuri hapa. Bi Mwanamvua, ukija usinibane, mimi nakoroma!"

Watu wakaanza kucheka huku wanapangusa machozi. Kobelo akageuza uso.

Mashavu akatoka kaburini, akajifunga kaniki ya marehemu. Akaanza kuchechemea. Jamani, alikuwa yeye! Mabega yale, mkono ule kiunoni, hata kile kikohozi. Akamwendea Kobelo, chechemea chechemea, akafungua kinywa: "Kobelo mwanangu, ka..."

Hakumaliza. Kobelo alinyanyua nyundo. Nyundo! Msibani! "Tokeni! Tokeni nyote! Mzaha gani huu? Mimi si mtoto wa kuchezewa!"

Watu midomo wazi. Tangu dunia iumbwe, nani kamfukuza mtani mazikoni?

Mashavu akaivua kaniki taratibu, akaikunja, akampa Tausi. "Mtani," akasema, safari hii bila mzaha, "umenifukuza?"

"Nimekufukuza."

"Basi unajua mila. Mtani aliyefukuzwa msibani haingii tena ua ule, mpaka ua ule upate msiba mwingine. Hata ukiniita siji. Mila si yangu, tumeikuta."

"Usije!"

Wakaondoka. Na mazishi yakaenda kimya, haraka haraka, kama watu wanaoficha kitu cha wizi. Kobelo hakudondosha hata chozi. Watu wakasema, mwanaume huyo! Kobelo naye akajisemea, mwanaume mimi!

Haya. Hadithi ndiyo kwanza inaamka.

Matanga yakaisha, Kobelo akarudi kazini. Akaketi kwenye kigoda chake, na kigoda kikamkataa. Akainuka, akazunguka banda. Akatoka nje akarudi ndani. Akashika nyundo akaiweka, akashika koleo akaliweka. Akikaa, hakukaliki. Akisimama, hakusimamiki. Akilala, hakulaliki. Hebu semeni nami, mtaichangamsha miguu.

Akikaa?

Hakukaliki!

Akisimama?

Hakusimamiki!

Akilala?

Hakulaliki!

Ndivyo. Chakula kikageuka mchanga mdomoni. Shingo ikakaza kama kamba ya mbuzi mkaidi. Moyo ukawa unapiga mbio, naye ameketi tu, kama anayefukuzwa na mtu asiyemwona. Mwanawe mdogo, Chiku, akimsikia anakuja, anahamia kwa jirani. Jogoo akiwika, Kobelo anamtukana. Jogoo asipowika, anamtukana pia.

"Baba Chiku," Tausi akamwambia, "una nini?"

"Sina kitu."

"Huli."

"Nimeshiba."

"Hulali."

"Sina usingizi."

"Umekonda."

"Nguo ndizo zimepanuka!"

Mnacheka? Wewe wa pale nyuma mwenye taya zilizobana, usicheke sana. Nakuona.

Kisha mkono ukaanza. Mkono wa kulia, mkono wa nyundo. Ulianza kutetemeka kidole kimoja, kama kinaita mtu. Vikafuata vingine. Ukapanda kiganja, ukapanda kiwiko. Kobelo akapiga chuma, nyundo ikaangukia pembeni. Akapiga kwa hasira, jembe likakatika vipande viwili. Jembe la Kobelo! Lile la kurithi! Watu wakaanza kulipeleka jembe kwake mchana na kurudi kulichukua jioni kabla hajaligusa.

Na mawingu yalikuwa yameshaanza kupiga kambi mlimani. Masika inakuja, kijiji kizima kinasubiri majembe. Mhunzi asiye na mkono ni nani? Ni mtu aliyekaa karibu na moto, basi. Kobelo alilijua hilo. Akawa anaukalia ule mkono ili watu wasiuone.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kobelo aliisikia methali hiyo akadhani inasemwa kwa wengine.

Akaenda kwa mganga wa kwanza, mzee wa mizizi.

"Una nini?"

"Mkono tu."

"Na moyoni?"

"Sina kitu."

"Ulianza lini?"

"Nilikula samaki."

Mganga akamchemshia mizizi michungu, michungu mpaka chungu chenyewe kilikunja uso. Kobelo akanywa. Mkono haukutulia. Ila tumbo likaanza safari, ikawa sasa akikaa hakukaliki kwa sababu mbili.

Akaenda kwa mganga wa pili, fundi wa chale.

"Una nini?"

"Mkono tu."

"Na moyoni?"

"Sina kitu."

"Ulianza lini?"

"Niliulalia vibaya."

Akachanjwa chale begani, akachanjwa mgongoni, mpaka mgongo ukawa kama mkeka wa ukindu. Mkono haukutulia.

Akaenda kwa mganga wa tatu, mama mmoja mkandaji. Huyu hakuuliza. Akamlaza, akamkanda mabega, akamkanda mbavu, akafika kifuani akabonyeza. Kobelo akaruka kama samaki.

"Hapa pana nini?"

"Sina kitu!"

Yule mama akaosha mikono yake. "Baba, mimi natoa mwiba kwa mtu anayesema umenichoma hapa. Wewe unaniambia huna mguu. Nikusaidieje? Nenda salama."

Kobelo akarudi nyumbani amevimba kwa hasira, akaingia bandani. "Tausi! Puliza moto! Nitawaonyesha kama mimi si Kobelo!"

Tausi akapuliza. Fuu, fuu, fuu. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe. Kobelo akakishika kwa koleo, akainua nyundo, mkono ukatetemeka, akapiga. Chuma kikachomoka kwenye koleo. Kikaruka. Kikapita sikioni kwa Tausi, pyuu, kikachoma ncha ya kilemba chake, kikatumbukia kwenye pipa la maji. Shwaaa!

Tausi hakupiga kelele. Alikivua kilemba, akakitazama pale palipoungua. Akamtazama mumewe.

"Una nini?" akamuuliza polepole.

Na yule mtu, mkewe kaponea chupuchupu, mkono unaruka kama kuku aliyechinjwa, akajibu nini?

Sina kitu!

Mmeona! Hata nyinyi mmeshamjua. Akasema sina kitu, akachukua pakacha, akatoka kwenda porini kuchukua makaa, maana asingeweza kusimama pale.

Tausi naye akatoka. Hakwenda kwao. Alikwenda moja kwa moja mpaka shimoni, mahali wafinyanzi wanapochimba udongo. Akamkuta Mashavu udongo umemfika viwikoni.

"Mtani, njoo nyumbani."

"Siji. Nimefukuzwa."

"Mume wangu anakufa."

"Pole. Siwezi kuingia ua ule mpaka pawe na msiba. Unaijua mila vizuri kuliko mimi."

"Kwa hiyo akifa ndiyo utakuja?"

"Akifa? Nitakuja mbio! Nitatangulia hata maiti!"

Wakatazamana. Tausi akamtazama Mashavu. Mashavu akamtazama Tausi. Mwanamke mmoja akiwaza ni jambo, wawili wakiwaza jambo moja, kimbieni.

"Enhe," Mashavu akasema, akijipangusa udongo, "marehemu kafariki lini?"

"Asubuhi hii," Tausi akajibu. "Ghafla tu."

"Maskini. Na alikuwa hana kitu!"

Jua la mchana, Kobelo anarudi kutoka porini na pakacha lake la makaa. Moyo unapiga, miguu inaenda yenyewe. Akasikia vilio. Akakaza mwendo. Vilio vinatoka kwake! Uani mikeka imetandikwa, vyungu viko motoni, watu wamejaa. Chiku? Tausi?

Akamshika mtu wa kwanza. "Nani kafa?"

Yule mtu akamtazama kama anayemtazama mpita njia. "Mhunzi."

"Mhunzi gani?"

"Tulikuwa naye mmoja tu, ndugu. Pole, unatoka mbali?"

Akamshika wa pili, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Nani kafa?"

"Kobelo, mwana wa Bi Mwanamvua. Tumezoea kelele zake, tutazikosa."

"Mimi si ndiye Kobelo!"

"Hapana, baba. Kobelo alikuwa mnene."

Akamkimbilia wa tatu, mkewe, ameketi mkekani na kanga kichwani. "Tausi! Mama Chiku! Nani kafa?"

Tausi akajifuta macho. "Mume wangu, bwana. Mtu mzima analala, mume wangu alikuwa halali. Mtu mzima anakula, yeye alikuwa hali. Mtu mzima anacheka, analia. Nikakaa nikangoja, nikaona kumbe naishi na maiti inayotembea. Leo nimechoka kungoja, nikaita watu."

Na hapo watani wakaingia.

Mashavu mbele! Kavaa ile ngozi ya kazini ya Kobelo, imemfika kwenye vidole vya miguu. Kajipaka masizi ya ndevu. Akaketi kwenye kigoda, akaruka kama kimemwuma. Akasimama, akaruka tena. Akalala chini, akagaagaa, akainuka.

"Akikaa!" akaimba.

"Hakukaliki!" watani wakaitika.

"Akisimama!"

"Hakusimamiki!"

"Akilala!"

"Hakulaliki!"

Watani mmoja mmoja wakamwendea Mashavu, naye akiwajibu kama Kobelo. "Kobelo, nyumba yako inaungua!" "Sina kitu!" "Kobelo, umekaliwa na tembo!" "Sina kitu, nimeulalia mkono vibaya!" "Kobelo, kichwa chako hiki hapa, kimeanguka!" "Kiweke hapo, kesho nitakivaa!"

Uani watu hawana mbavu. Tausi kajifunika uso kwa kanga, mabega yanamruka. Na Kobelo amesimama katikati, pakacha bado liko begani, hasira imempanda mpaka utosini. Akatafuta nyundo. Nyundo anayo Mashavu, anajikunia nayo mgongo.

Ndipo kikamtoka kitu kama kikohozi. Akakibana. Kikamtoka tena. Jamani, Kobelo alikuwa anacheka! Alicheka kwa shida, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa, kwii, kwii. Pakacha likaanguka, makaa yakamwagika. Akashika magoti akicheka.

Alipoinua uso, Mashavu hayupo. Ameingia ndani.

Akatoka. Hana ngozi, hana masizi. Amejifunga kaniki. Kaniki ile. Mkono kiunoni, mguu mmoja mfupi. Chechemea chechemea, mpaka mbele ya Kobelo. Akakohoa kile kikohozi. Akalimalizia lile neno alilokatizwa kaburini.

"Kobelo mwanangu, kajembe kangu ka tayari?"

Na mdomo wa Kobelo ukajibu wenyewe, kabla yeye hajaukataza.

"Kesho, mama."

Akaisikia sauti yake. Akaanguka magoti kwenye makaa, akalia. Si kilio cha kujifuta kwa kidole. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi na yote, kama mtoto aliyepotea gulioni. "Nilimwambia kesho! Kaja mara tatu, mara tatu nikamwambia kesho! Mara ya mwisho sikumtazama usoni! Nimekaficha kale kajembe, kako chini ya makaa, kila nikipiga nyundo nakasikia! Naumwa, jamani! Hapa! Naumwa hapa!"

Akashika kifua. Ameonyesha mwiba, mnaona? Leo ana mguu.

Wengine wangemwambia, nyamaza, si kosa lako. Mashavu hakusema hivyo. Alijikunja akaketi naye chini kwenye makaa, na kaniki yake. "Ndiyo, mtani. Ulimwambia kesho. Ni kweli, na inauma." Akamwacha alie kidogo. Kisha akamsogelea. "Lakini unajua mama yako alikuwa na majembe mangapi?"

Kobelo akatikisa kichwa.

"Ya kutosha, pumbavu wee! Mke wa mhunzi, mama wa mhunzi, akose jembe? Mwenyewe aliniambia pale shimoni: 'Mashavu, kale kajembe kabovu ndiko hodi yangu. Kobelo ana kazi nyingi, nikienda bure atauliza mama unataka nini. Nikienda kuulizia kajembe, naketi kidogo kwenye gogo, namtazama anavyofua, narudi.' Akaniambia, 'Naomba asikatengeneze haraka.'"

Hapo nilishindwa hata mimi, na mimi si wa kulia, muulizeni yeyote. Kobelo alilia mara ya pili, zaidi ya ile ya kwanza. Na katikati ya kilio akacheka. Na katikati ya kicheko akalia. Watu wakamwacha. Mvuo nao ukijaa upepo bila kuutoa utapasuka, hata ngozi yake iwe ya nyati.

Kilio kilipokwisha, Kobelo alijilaza pale pale kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe. Akalala. Amelalika! Watu wakala chakula cha matanga wakipita juu yake. Mtani mmoja akampimia kaburi kwa kamba, akasema litamfaa baadaye. Akakoroma tu. Chiku akaja polepole kutoka kwa jirani, akamgusa pua kuhakikisha, akajikunyata kwapani kwake.

Alipoamka alikula. Alipokwisha kula alifukua makaa.

Sasa mnataka niseme mkono ulipona papo hapo. Sisemi, mimi si mwongo wa kiasi hicho. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, lakini kidogo, kama jani ndege akisharuka. Tausi akapuliza, fuu, fuu. Kobelo akaketi kwenye kigoda, kigoda kikampokea. Mkono ulipotetemeka akasema, "Mama Chiku, ngoja. Leo namkumbuka." Wakangoja wote wawili. Ulipotulia, akapiga. Akakaunga kale kajembe shingoni, akakanoa, akakatilia mpini mpya. Kisha akashika majembe ya kijiji, moja baada ya jingine, na matone ya kwanza ya masika yalipogonga paa, la mwisho lilikuwa linapoa majini.

Akakabeba kajembe ili akakapeleke kaburini. Njiani akamkuta nani? Mashavu, kasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi na faini yangu?"

"Faini gani?"

"Ulinifukuza msibani. Nilikuja kukuzika bure. Unadhani nakula hewa? Lete!" Akakapokonya, akakapima mkononi. "Kazuri. Katanichimbia udongo. Kaburi halipalilii njugu, mtani."

Kobelo akataka kukasirika. Akajisikiliza, akakuta ni uchungu tu unapita, umevaa nguo za hasira. Akauacha upite. "Kachukue," akasema. "Ila kakilegea ukalete kwangu."

Na kalilegea, weee! Kalikuwa kanalegea mara kwa mara ajabu, sijui Mashavu alikuwa anakagonga kwenye mawe. Kila akipita bandani utamsikia tangu barabarani: "Mhunzi! Kajembe kangu! Kesho?"

Na Kobelo, hata kama mtemi mwenyewe amesimama na mikuki yake, anaweka nyundo chini, anainua uso, anavuta lile gogo.

"Leo, mtani, leo! Njoo ukae!"

Naye anakaa.

Hadithi imepata kigoda?

Imepata!

Ikikaa?

Inakalika!

Basi iacheni ipumzike, na mwenye kitu kifuani asinitazame mimi, amtafute mtani wake. Nyundo yangu naiweka chini, anayeweza kuinyanyua ainyanyue, kama ana mkono.